Karatasi ya Rojo la Milingoti: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kurekebisha

Mwongozo huu unawahusu mafundi na wasimamizi wa viwanda vya karatasi na vifungashio katika Nyanda za Juu Kusini, hasa wale walioanza kuchanganya rojo la milingoti (mikaratusi) au miwati katika karatasi ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa misindano (misonobari). Rojo linalozungumziwa ni lile la mavuno makubwa, yaani lile linalopatikana kwa kulainisha vipande vya mti kwa mvuke na kemikali kiasi, kisha kuvisaga bila kuondoa yote lignini, yaani gundi ya asili inayoshikanisha nyuzinyuzi za mti. Kilo 100 za mti mkavu hutoa kilo 85 hadi 90 za rojo hilo, na wakati mwingine zaidi, ilhali rojo la krafti lililopaushwa, yaani lile lililopikwa kwa kemikali hadi karibu lignini yote ikatoka, hutoa takribani nusu tu ya uzito wa mti. Faida hiyo ndiyo inayowavutia wenye viwanda, na humo humo ndimo yanamotoka karibu matatizo yote yatakayoelezwa hapa, kwa kuwa vitu vilivyoachwa ndani ya rojo huyeyuka kidogo kidogo na kuingia kwenye maji ya mashine.

Mazoea ya viwandani ni kuongeza dozi kila dalili inapojitokeza. Karatasi ikiwa dhaifu huongezwa wanga, kijazio (unga wa madini unaochanganywa kwenye rojo) kikivuja huongezwa polima, na karatasi ikinywa maji huongezwa dawa ya kuzuia maji. Nionavyo, kwa rojo la aina hii mara nyingi kosa haliko kwenye kijazio wala kwenye kiongezi, bali liko kwenye maji ambamo vitu hivyo vinatiwa. Kwa sababu hiyo vipimo vinatangulia.

Vipimo vya kufanya kabla ya kubadili dozi yoyote

Chukua sampuli mbili kwa wakati mmoja: moja ya rojo jembamba linaloingia kwenye wavu, na nyingine ya maji meupe yanayodondoka chini ya wavu. Chuja kila moja, kausha, pima uzito, kisha choma ili upate majivu. Tuseme rojo jembamba lina gramu 8 za vitu vikavu kwa lita, na kati ya hizo gramu 2 ni majivu. Maji meupe yana gramu 3.2, na kati ya hizo gramu 1.4 ni majivu. Kwa jumla, asilimia 60 ya vitu vikavu imebaki kwenye wavu, na msimamizi anaweza kuridhika na namba hiyo. Hata hivyo, ukiyatazama majivu peke yake, kilichobaki ni asilimia 30 tu, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kijazio kilichonunuliwa inazunguka ndani ya mabomba.

Joto la tanuri lina maana kubwa hapa. Ikiwa kijazio ni unga wa mawe ya chokaa, majivu yachomwe kwa sentigredi 525. Kwa sentigredi 900, kalsiamu kaboneti hupoteza hewa ya kaboni dayoksaidi na gramu 100 hubaki gramu 56 tu, hivyo maabara itaripoti upungufu wa kijazio ambao haupo. Mashine inaweza kuongezewa kijazio bila sababu kwa ajili ya tanuri lililowekwa joto lisilofaa.

Kipimo cha pili ni cha uchafu ulioyeyuka. Chuja maji ya rojo la milingoti kwa kitambaa kizito, kisha yaweke kwenye chupa kadhaa za kioo zenye ujazo sawa. Tia dozi zinazopanda za dawa ya kukamata uchafu, kwa mfano polialuminiamu kloraidi, koroga, kisha acha zitulie. Chupa ya kwanza ambayo maji yake yanang'aa huku mashapo yakikaa chini ndiyo inayokuonyesha wingi wa uchafu wa chaji hasi ulio ndani ya rojo lako. Rudia kipimo hicho kwa rojo la misindano la krafti, na tofauti utaiona bila kuhitaji chombo cha gharama.

Mwisho, dondoshea maji meupe tone la iodini. Yakigeuka buluu, wanga unapita bila kushika.

Dalili: kijazio hakishiki na maji meupe yanazidi kuwa mazito

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote. Wakati wa kupausha rojo kwa peroksaidi, alkali huvunja sehemu za hemiselulosi na kuigeuza pektini ya mti kuwa asidi za pektini, ambazo hubeba chaji hasi nyingi sana zikiwa ndani ya maji. Viongezi vingi vinavyoshikamanisha chembe, ukiwamo wanga wa chaji chanya na polima za kuzuia uvujaji, vimeundwa ili vikamate nyuzinyuzi zenye chaji hasi. Vikikutana kwanza na asidi hizo zilizoyeyuka, humalizika hapo hapo, na nyuzinyuzi pamoja na kijazio havipati kitu. Ndiyo maana kuongeza polima kunaleta nafuu ya saa chache kisha hali inarudi ilivyokuwa, kwa kuwa maji yale yale yanazungushwa tena yakiwa na uchafu zaidi.

Rekebisho la kwanza ni kuosha na kukamua rojo vizuri kabla halijafika kwenye tangi la kuchanganyia, na maji yaliyokamuliwa yasirudishwe upande wa mashine ya karatasi. Kazi hiyo ikishindikana kwa sababu ya vifaa, tia dawa ya kukamata uchafu kwenye rojo la milingoti peke yake likiwa bado zito, kabla halijakutana na rojo la misindano wala kijazio, na utumie dozi uliyoipata katika jaribio la chupa kama mahali pa kuanzia. Ukizidisha, chaji ya mfumo wote hugeuka kuwa chanya na chembe zikaanza tena kukimbiana, kwa hiyo rudia kipimo cha chupa kila shehena mpya ya magogo inapoingia.

Baada ya hapo ndipo mpangilio wa viongezi unapoleta maana: dawa ya kukamata uchafu, kisha wanga wa chaji chanya kwenye rojo zito, kisha kijazio, na mwishoni, baada ya pampu na vichujio vya shinikizo, polima ndefu ya kuzuia uvujaji. Polima hiyo ikitiwa kabla ya pampu, vishada ilivyovifunga huvunjwa na msukosuko na havirudi kama vilivyokuwa. Viwanda vinavyotumia udongo wa bentoniti hutia polima kwanza ivunjwe kwa makusudi, kisha bentoniti huviunganisha vipande hivyo kuwa vishada vidogo vinavyochuja maji vizuri. Mpangilio huo una manufaa kwa rojo lenye chembe laini nyingi kama hili.

Neno moja kuhusu kijazio chenyewe. Mawe ya chokaa ya Songwe yanafahamika kwa saruji, na udongo mweupe wa kaolini unapatikana Malangali wilayani Mufindi na vilevile Pugu, karibu na Dar es Salaam, kwa hiyo ni kawaida mwenye kiwanda kufikiria kununua karibu. Fikra hiyo haina ubaya, lakini unga wa kujenga na unga wa karatasi ni vitu viwili. Pitisha sampuli kwenye chekeche la mikroni 45 ukitumia maji, kisha sugua kilichobaki kati ya vipande viwili vya kioo. Kikikwaruza kioo, kuna mchanga, na mchanga huo utaula wavu wa mashine kabla ya wakati wake. Kwa unga wa chokaa, yeyusha gramu chache katika asidi ya haidrokloriki hafifu. Kisichoyeyuka kwa kawaida ni mchanga au udongo.

Dalili: karatasi inakatika mashineni baada ya kuongeza kijazio

Chembe ya kijazio hukaa kati ya nyuzinyuzi mbili na kuzizuia zisishikane. Nyuzinyuzi za rojo la mavuno makubwa ni ngumu kwa sababu ya lignini, na tangu awali hazilaliani vizuri, hivyo hupoteza nguvu upesi zaidi kuliko za krafti. Jambo la kujiuliza kabla ya yote ni kama kijazio hicho kinahitajika. Rojo hili hutawanya mwanga vizuri na lina chembe laini nyingi. Mara kwa mara kijazio huongezwa ili karatasi isionyeshe upande wa pili, wakati rojo lenyewe limeshaifanya kazi hiyo. Punguza kijazio kwa asilimia mbili au tatu, pima tena, na uamue kwa namba.

Chanzo kinachosahaulika ni nyuzinyuzi zilizojikunja. Zinapotoka kwenye msagio zikiwa na unyevu mdogo, hujipinda, na zikipoa hubaki katika umbo hilo. Hunyooka zikikorogwa ndani ya maji mengi, vitu vikavu vikiwa chini ya asilimia 4 ya rojo, kwa joto la sentigredi 70 hadi 90, kwa muda wa nusu saa hivi. Miezi ya Juni hadi Agosti, maji ya mito ya Mufindi na Njombe yanapokuwa baridi sana, tangi lisilo na mvuke wa kutosha halifikii joto hilo. Dalili yake ni ya kupotosha: kipimo cha kasi ya kuchuja maji huonyesha rojo linalochuja upesi, fundi huamini kwamba halijasagwa vya kutosha, naye huongeza kusaga. Ili kujua ukweli, chukua sampuli mbili za rojo lile lile, moja ikorogwe kwa maji ya moto na nyingine kwa maji ya baridi, kisha linganisha. Ikiwa ile ya moto inachuja polepole zaidi na karatasi yake ya majaribio ina nguvu zaidi, tatizo ni joto la tangi, na msagio uachwe ulivyo. Marobota ya rojo lililokaushwa yanahitaji uangalifu huo huo.

Kisha utazamwe wanga. Wanga wa mahindi wa chaji chanya hupikwa kwa sentigredi 95 kwa dakika 20 hadi 30, na hayo ndiyo maelekezo yaliyoandikwa kwenye mfuko. Katika miinuko ya mita 1,700 hadi 1,900, yaani Mbeya, Mafinga na kwingineko, maji ndani ya tangi la wazi huchemka yakiwa kwenye sentigredi 94 hivi na hayapandi zaidi hata ukiongeza mvuke. Fundi huona mchemko, huamini kwamba uji umeiva, na kumbe huenda kuna punje ambazo hazijapasuka. Weka tone la uji huo chini ya hadubini pamoja na iodini kidogo: punje zisizoiva huonekana kama viduara vyeusi vya buluu, na wanga ulioiva huonekana kama wingu la rangi moja lisilo na mipaka. Tiba ni kuongeza muda wa kupika, au kutumia kipikio cha shinikizo, au kuhamia kwenye wanga wa muhogo uliopewa chaji chanya, ambao hupasuka katika joto la chini zaidi. Ninapendelea hili la mwisho kwa kiwanda kidogo, kwa kuwa halihitaji mtambo mpya.

Dozi ya kilo 5 hadi 10 kwa tani ya karatasi inatosha kuanzia. Nyuzinyuzi zina nafasi chache za kushika wanga, na zikijaa, kilo zinazoongezwa huishia kwenye maji meupe na kulisha bakteria. Wanga wa kawaida usiopewa chaji usitiwe kabisa kwenye rojo. Mahali pake ni juu ya karatasi iliyokwisha kukauka, kwenye roli za kupakia.

Haya yote yakishafanyika na karatasi bado ni dhaifu, ongeza sehemu ya krafti ndefu ya misindano. Hakuna kiongezi kinachochukua nafasi ya nyuzinyuzi ndefu, hata muuzaji wa kemikali aseme nini.

Dalili: mapovu mengi na matundu madogo kwenye karatasi

Unga wa chokaa umekutana na asidi. Shabu (aluminiamu salfeti) ikitiwa ili kukamata uchafu, au rojo lililotoka kwenye kupaushwa likiwa limeshushwa pH hadi 5, kaboneti huyeyuka, hewa hutoka, na kalsiamu iliyoyeyuka huongeza ugumu wa maji. Pima pH kwenye kila tangi badala ya kupima mwishoni tu. Ikiwa unatumia kaboneti, mfumo ubaki kati ya pH 7 na 8, na shabu iachie nafasi polialuminiamu kloraidi kwa dozi ndogo. Anayetaka kubaki na shabu pamoja na gundi ya utomvu wa misindano atumie kaolini, isiyojali asidi.

Dalili: weupe unashuka, au karatasi inakuwa na rangi ya kijivu

Rangi ya kijivu yenye buluu kidogo katika rojo la miwati haina fumbo kwa watu wa Njombe, ambako maganda ya mti huo yamekamuliwa tanini kwa miongo mingi. Tanini ikikutana na chuma hutoa rangi ya wino. Maganda hayakutolewa vizuri, au kuna bomba lenye kutu, au maji ya kisima yana chuma. Dondosha myeyusho wa asidi ya oksaliki juu ya karatasi: doa likififia na kuwa cheupe, chanzo ni chuma. Menya magogo yakiwa bado mabichi, kwani ganda la muwati likikauka hung'ang'ania, na tia dawa ya kufunga madini kama DTPA kabla ya peroksaidi, si baada yake.

Ikiwa rangi inaelekea njano, angalia alkali. Rojo lililopaushwa linapokaa katika pH inayozidi 8, huku peroksaidi ikiwa imekwisha, huwa jeusi kiasi kadiri saa zinavyopita. Peroksaidi kidogo ni lazima ibaki mwishoni mwa kupausha, kisha pH ishushwe kwa sodiamu metabaisalfaiti.

Kuna wakati peroksaidi humalizika mapema mno bila sababu inayoonekana, na hapo kuna washukiwa wawili, madini na bakteria. Hutofautishwa kwa urahisi. Jaza chupa mbili kwa maji ya mzunguko ya kiwanda, moja ikiwa na maji yaliyochemshwa kisha yakapozwa, nyingine yasiyochemshwa. Tia peroksaidi kiasi sawa na upime kwa karatasi za kupimia baada ya nusu saa. Ikipotea kwenye yale yasiyochemshwa tu, bakteria wanatoa kimeng'enya cha katalasi, na kazi iliyo mbele ni kusafisha matangi na kuua ute. Ikipotea kwenye chupa zote mbili, rudi kwenye madini.

Dawa za kung'arisha zinazofanya kazi kwa mwanga wa urujuanimno hazina faida kubwa hapa, kwa sababu lignini huumeza mwanga huo kabla dawa haijaupata. Rangi kidogo ya buluu na zambarau huipendeza zaidi jicho la mnunuzi, ingawa kipimo cha weupe chenyewe hushuka kidogo.

Dalili: vumbi linalokusanyika kwenye mashine ya kuchapia

Mchapaji wa Iringa au Mbeya atalalamika kwamba karatasi ina vumbi, na lalamiko hilo pekee halitoshi. Mwombe akukusanyie vumbi lenyewe kwa mkanda wa kunata kutoka kwenye mpira wa mashine. Weka tone la siki juu ya sehemu moja ya mkanda: likitoa vipovu, ni kaboneti, nawe urudi kwenye kipengele cha kijazio kisichoshika. Kama hakuna vipovu, tazama kwa lenzi inayokuza mara kumi. Vipande vinavyong'aa, vyenye umbo la mkebe uliobanjuliwa, ni vishipa vya kupitishia maji vya mlingoti, vipana na vifupi kuliko nyuzinyuzi, ambavyo havishikamani na chochote na huacha nukta nyeupe kwenye picha iliyochapwa. Vumbi la kawaida lisilo na umbo ni chembe laini za rojo.

Kwa vishipa na chembe laini, tiba iliyo bora ni kupaka wanga juu ya karatasi. Kusaga zaidi hupunguza vishipa lakini hupunguza pia unene wa karatasi, ambao ndio sababu mojawapo ya kununua rojo hili.

Dalili: karatasi inanyonya maji ingawa dozi ya AKD (dawa ya kuzuia maji) imeongezwa

Pima unyonyaji wa maji wa sekunde 60 kwa karatasi iliyotoka mashineni, kisha pasha kipande kingine cha karatasi hiyo hiyo kwa sentigredi 105 kwa dakika 10 na upime tena. Ikiwa kilichopashwa kinakataa maji, dawa imo ila haijaiva, na mitungi ya kukaushia ndiyo ya kurekebishwa. Ikiwa vyote viwili vinanyonya sawasawa, dawa haimo kwenye karatasi: imeshikwa na chembe laini zinazovuja pamoja na maji meupe, au iliharibika kabla ya kufika. Mchanganyiko wa AKD haupendi joto, na pipa lililosafiri juani kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro na Mikumi, kisha likakaa wiki kadhaa nje ya ghala, haliwezi kuaminiwa. Haupendi pia kuganda, jambo la kukumbukwa na walio upande wa Makete wakati wa sakitu.

Dalili: madoa ya kunata kwenye wavu na roli

Haya ni mafuta ya mti, nayo huongezeka magogo yakiwa mabichi. Acha magogo yakae kwa wiki chache ukikubali kupoteza weupe kidogo, tia unga wa talki kwenye rojo la milingoti, na epuka kubadilisha pH kwa ghafla kati ya tangi moja na jingine, kwa kuwa mshtuko huo ndio unaoyafanya mafuta yagandamane.

Dalili: karatasi inageuka njano kwa mteja

Hakuna kiongezi kinachoiondolea lignini tabia hii kabisa. Kijazio kingi au tabaka la kupaka juu huchelewesha, na dawa za kumeza urujuanimno husaidia kwa gharama kubwa. Kwa hiyo uamuzi ufanywe wakati wa kupokea oda. Magazeti, vipeperushi, tabaka la katikati la katoni na karatasi za kufungia bidhaa hupokea rojo la mavuno makubwa bila taabu. Hati za ardhi, vyeti na madaftari ya kumbukumbu za ofisi visitengenezwe kwa rojo hilo, na mauzo yaandike jambo hilo kwenye ankara ili mteja asije akaweka rimu dirishani kisha akadai alipewa karatasi ya zamani.